Njia ya Kurudi: Jenereta, Chenjiova na Ethi katika Nyumba Mbili za Unguja

Waya ule ninao mpaka leo, umeviringishwa ndani ya ndoo kuukuu ya rangi, ingawa plagi yake moja nimeikata kwa koleo asije mtu akaujaribu. Una urefu wa mita saba hivi, na ulipokuwa mzima ulikuwa na plagi ya pini tatu katika kila ncha. Moja niliichomeka kwenye jenereta uani na nyingine kwenye soketi ya sebuleni, na kwa njia hiyo nyumba yetu yote ya Jang'ombe ikapata umeme kinyumenyume, kupitia tundu lililowekwa kwa ajili ya redio. Niliutengeneza kwa mikono yangu mwezi wa Januari 2010, na wakati huo nilijiona fundi.

Aliyekuwapo Unguja miezi ile hahitaji kuelezwa sababu. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika kisiwani baada ya kuharibika mfumo wa kebo ya chini ya bahari inayotuletea umeme kutoka Bara, na haukurudi mpaka Machi 2010. Kebo hiyo ya kilovolti 132 ililazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, nayo ilipokufa hapakuwa na nyingine ya kushika nafasi yake. Tulikwisha kuionja hali hiyo Mei 2008, tulipokaa gizani karibu mwezi mmoja, lakini miezi mitatu ni jambo jingine. Pampu za maji zilisimama, foleni zikahamia visimani, na pale Darajani kila duka lilitoa jenereta yake nje, zikanguruma kwa pamoja tangu asubuhi hadi magharibi, hata mnunuzi na muuzaji wakawa wanakubaliana bei kwa vidole. Jenereta ndogo ziliuzwa kama mikate ya mwezi wa Ramadhani. Wengi wetu tulizinunua bila kuuliza swali lolote isipokuwa inatumia lita ngapi.

Ulinzi wote wa waya wangu ulikuwa kumbukumbu yangu. Kabla ya kuwasha jenereta nilipaswa kuzima meini switchi, na ili nisisahau niliubandikia mkono wake utepe mweusi. Siku moja ya Februari mama aliingia sebuleni kufagia, akaiona plagi ukutani, akadhani ni ya friji, akaichomoa. Jenereta ilikuwa inanguruma. Pini zile tatu, ambazo katika plagi ya kawaida huwa zimekufa mara tu zinapotoka kwenye soketi, zilitoka zikiwa na volti 230 hadharani, zikagusa mguu wa chuma wa meza na kutoa cheche iliyoacha kovu ambalo meza ile inalo bado. Mama hakudhurika, namshukuru Mungu. Aliniita, akaishika plagi kwa mbali kama mtu aliyeshika kaa, akasema: "Mwanangu, hiki kitu chako kina meno pande zote mbili."

Hatari ya pini ndiyo iliyonitoa jasho siku ile, lakini baadaye nilielewa kwamba hiyo ilikuwa ndogo kuliko nyingine ambayo sikuwahi kuifikiria. Transfoma ya mtaa hupokea volti 11,000 upande mmoja na kutoa 230 kwa kila fezi upande wa pili, na mashine hiyo haina akili ya kujua umeme unatoka wapi. Ukiipelekea 230 kutoka nyumbani, itakutolea 11,000 upande wa juu. Watu hujitetea kwamba jenereta ndogo haiwezi kuubeba mtaa mzima, itazidiwa na kuzima, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Haizidiwi pale mafundi wa shirika la umeme wanapokuwa wamekwisha kuitenga laini yako ili wafanye kazi, kwa sababu wakati huo hakuna mzigo wa majirani wa kuilemea. Kwa maneno mengine, jenereta yangu ilikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kumuua mtu katika saa ileile ambayo mtu huyo alikuwa juu ya nguzo akiamini kwamba waya aliouzima mwenyewe umezimika. Kisiwa kizima kilikuwa kinasubiri mafundi wapande nguzo, na katika kila mtaa palikuwa na waya mmoja au zaidi kama wangu.

Tena umeme wa shirika ukirudi ghafla huku jenereta ikiwa imeunganishwa, mawimbi ya umeme wa pande mbili hayaendi kwa hatua moja. Mtandao mkubwa hulazimisha rota ya jenereta iruke ifuate mwendo wake, na kinachosalia ni koili zilizoungua au shafti iliyovunjika. Jirani yetu mmoja alipata hasara hiyo siku umeme uliporudi, na watu wakasema umeme ulikuja na nguvu nyingi. Nguvu ilikuwa ileile ya siku zote.

Umeme uliporudi, nilimwita fundi akanifungia chenjiova, kama tunavyoiita wengi. Ni swichi yenye nafasi tatu: namba moja kwa umeme wa shirika, sifuri katikati, na namba mbili kwa jenereta. Uzuri wake umo katika chuma chake, kwa kuwa mkono ni mmoja na ekseli ni moja, na hauwezi kufika upande wa pili kabla ya kuuacha kabisa wa kwanza. Hapo kumbukumbu yangu ilipumzishwa, na utepe mweusi ukatupwa. Yule fundi aliweka swichi ya ampea 63 inayokata nyaya zote mbili, laivu inayoleta umeme na nyutro inayourudisha, akaifunga wima kabisa, akapaka na rangi kuzunguka sanduku. Niliishi na kazi yake kwa miaka mingi nikiamini kwamba suala la jenereta limekwisha nyumbani kwangu. Nusu yake ilikuwa bado.

Nusu hiyo niliijua Jambiani, tulipojenga nyumba ndogo ya wageni kwenye kiwanja cha shangazi. Tulikuwa tumekwisha kupata kebo ya pili ya chini ya bahari, ya megawati 100, iliyojengwa kwa fedha za MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani, na kuzinduliwa mwaka 2013. Hata hivyo, mwisho wa laini ndefu, mahali ambapo upepo wa kusi huangusha makuti juu ya nyaya, mwenye wageni hawezi kukaa bila jenereta. Safari hii nilimpata fundi mzee, mwenye leseni na, muhimu kuliko leseni, mwenye vipimo. Mafundi wengi wa kwetu huja na testa ya bisibisi na koleo. Huyu alikuja na sanduku zima. Kabla hajafungua skrubu yoyote aliniambia: "Hebu tuwashe kwanza jenereta yako, tuiulize maswali."

Alichukua mita akapima kati ya laivu na nyutro: 231. Akapima kati ya laivu na bodi ya chuma ya jenereta: mia moja na kumi na kitu. Kisha kati ya nyutro na bodi hiyohiyo: mia moja na kumi na kitu tena. Nilishangaa, maana nilifundishwa shuleni kwamba nyutro haina kitu. Alichukua balbu ya kawaida, akaiunga kati ya laivu na bodi. Haikuwaka. Akaiunga kati ya nyutro na bodi. Haikuwaka pia. Zile mia na kumi hazikuwa umeme wa kufanya kazi, zilikuwa kivuli ambacho mita nyepesi hukiona na balbu hukifuta. "Jenereta hii inaelea," akasema. "Haijui ardhi, wala ardhi haiijui."

Nikamjibu kwamba basi ni salama zaidi, kwa sababu mtu akishika laivu hapati kitu. Alikubali nusu. Kwa mtu mmoja aliye porini na jenereta moja na msumeno mmoja, mpango wa kuelea una akili yake, na ndiyo maana jenereta nyingi ndogo hutoka kiwandani hivyo. Kisha akanipa sentensi ambayo imenikaa kuliko vitabu: umeme haupendi ardhi wala hauichukii, unataka tu kurudi ulikotoka.

Naomba msomaji avumilie hapa, kwa sababu ndipo jambo lote lilipo. Tunapotumia umeme wa shirika, nyutro imezikwa ardhini kule kwenye transfoma, kwa hiyo udongo ni njia mojawapo ya kurudi nyumbani. Friji ikiharibika ndani, laivu ikagusa bodi yake, mkondo hupita katika waya wa kijani na manjano, yaani ethi, hadi kwenye rodi yetu, ile fimbo ya shaba iliyopigwa chini, ukaingia ardhini, ukasafiri hadi transfoma. Njia hiyo si pana. Kama rodi ina omu 50, hata tusipohesabu upinzani wa upande wa transfoma, mkondo utakuwa 230 kugawanya kwa 50, yaani ampea 4.6, na breka ya ampea 20 haitashtuka hata kidogo. Anayeshtuka ni RCD, kile kifaa ambacho mafundi wengi bado wanakiita ELCB, chenye kazi ya kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi na kukata pindi tofauti inapofika miliampea 30. Rodi bila RCD, katika nyumba nyingi za kwetu, ni pambo lililozikwa.

Sasa geuza swichi kwenye namba mbili. Chimbuko la umeme si transfoma tena, ni koili iliyo ndani ya jenereta, nayo haina uhusiano wowote na udongo. Laivu ikigusa bodi ya friji, mkondo hauna pa kurudia, kwa hiyo hakuna kinachokatika, friji inaendelea kugandisha, na sisi tunaendelea kumsifu fundi. Kosa hilo la kwanza halina dalili. Tuseme badala yake kwamba kosa la kwanza limetokea kwenye pampu ya kisima, na ni nyutro iliyochubuka na kugusa maji. Kuanzia hapo jenereta haielei tena, imepata ardhi kwa njia ya wizi, ndani ya nyumba, na hakuna aliyejulishwa. Akija mtu akagusa laivu mahali pengine, mkondo utapita mwilini mwake, utaingia ardhini, utapanda kwenye pampu, utarudi kwa nyutro kupitia RCD ileile. RCD itapima ulioondoka na uliorudi, ikakuta uzito sawa, ikatulia. Mtu yule atakuwa ameshika volti 230 mbele ya mlinzi aliye macho na asiyeona kosa.

Niliposikia hayo nilikumbuka kitufe cha majaribio, kile kilichoandikwa T, ambacho nilikuwa nakibonyeza kila mwezi nikiwa na fahari. Mzee akawasha jenereta, akageuza swichi, akaniambia nibonyeze. RCD ikakata, tak. Kisha akairudisha, akachomeka kipimo chake kwenye soketi na kukiamuru kivujishe miliampea 30 kutoka laivu kwenda ethi. Hakuna kilichotokea. Akapandisha hadi 150. Kimya. Kitufe, alinieleza, huunganisha laivu ya upande mmoja na nyutro ya upande mwingine ndani ya kifaa chenyewe, hakiigusi ethi hata kidogo. Kinathibitisha kwamba mashine ya kukatia haijaganda, basi. Ni kweli kinavyosema, lakini hakisemi unachodhani kimesema. Nilirudi Jang'ombe wiki hiyohiyo pamoja naye, akafanya jaribio lilelile kwenye nyumba ambayo watu wangu walikuwa wamelala ndani yake kwa miaka yote hiyo, na jibu likawa lilelile.

Dawa ni kipande kifupi cha waya. Ndani ya kisanduku cha jenereta, nyutro inaunganishwa na bodi ya jenereta, na bodi hiyo inaunganishwa kwa waya mnene na kituo kikuu cha ethi cha nyumba. Baada ya hapo laivu ikigusa friji, mkondo unarudi kwa shaba tupu, kutoka friji hadi kituo cha ethi hadi bodi hadi koili, bila kuomba ruhusa ya udongo. Rodi haibebi tena kazi ya kurudisha mkondo. Inabaki na kazi ya kuishikiza nyumba nzima isielee juu ya ardhi ambayo watu wameikanyaga.

Kipande hicho cha waya kina masharti, na mafundi wengi niliozungumza nao baadaye hukosea hapa kuliko popote. Kiungo cha nyutro na ethi kiwe kimoja tu, na kiwe upande wa jenereta, kabla ya RCD. Kikiongezwa cha pili baada ya RCD, sehemu ya mkondo halali wa nyumba itarudi kwa waya wa ethi na RCD itakuwa inakata bila sababu, mpaka mwenye nyumba achoke na kuiondoa. Kabla ya kukiweka, jenereta izimwe na ipimwe kwa omu kati ya nyutro na bodi, kwa kuwa zipo zinazotoka kiwandani zikiwa zimekwisha kuunganishwa, na zile za aina ya inveta zinahitaji kusomewa kitabu chake kwanza.

Kwa sababu hiyohiyo chenjiova lazima ikate nyutro pamoja na laivu. Nimeziona nyingi, hasa madukani, zinazokata laivu peke yake, na muuzaji husema nyutro ni nyutro tu. Fikiria nyutro ya shirika na nyutro ya jenereta zimefungwa pamoja siku zote, huku ya jenereta imeunganishwa na rodi yako. Nyutro ya mtaa sasa imezikwa nyumbani kwako, na siku itakapokatika kule kwenye nguzo, mzigo wa majirani utatafuta njia ya kurudi transfoma kupitia rodi yako, na kila chuma kilichounganishwa na ethi yako, kuanzia friji hadi bomba la bafuni, kitapanda volti bila wewe kuwasha chochote. Yule fundi wa kwanza, nampa haki yake, aliliepuka hilo kwa kununua swichi ya nyaya mbili. Waya wa ethi wenyewe haupiti kwenye swichi kabisa. Haukatwi, haubadilishwi, hauna namba moja wala namba mbili.

Ikabaki rodi. Kule Jang'ombe rodi iliingia kwa nyundo kabla chai haijapoa. Jambiani ni ardhi ya maweni, matumbawe ya kale yaliyofunikwa udongo wa kiganja kimoja, na rodi ya shaba ya mita 1.2 ilizama sentimita arobaini ikagonga mwamba na kupinda kama msumari mbaya. Tulijaribu mahali pengine mara tatu. Moja ilipata ufa ikaingia zaidi kidogo, mzee akachomeka misumari yake miwili ya kupimia kwa umbali, akazungusha mita: zaidi ya omu 900. Kwa hesabu ya vitabu, RCD ya miliampea 30 inaweza kufanya kazi hata hapo, kwa sababu volti 50 kugawanya kwa 0.03 ni omu 1,667. Lakini mzee hakutaka kusikia habari ya rodi inayozidi omu 200, kwa kuwa rodi dhaifu hubadilika na majira: ikiwa 900 wakati wa masika, kaskazi ikikausha mawe itakuwa ngapi?

Kijana mmoja wa jirani alishauri tuchimbe shimo, tujaze mkaa na chumvi, kama inavyofanyika sehemu nyingi. Mzee alimsikiliza kwa adabu, akakataa. Chumvi huvuta maji, ni kweli, lakini huila shaba na klampu yake, na mvua mbili tatu huisafirisha, ukabaki na kipimo kizuri cha mwaka wa kwanza. Alizunguka kiwanja chote akiangalia chini kama mtu aliyepoteza pete, kisha akasimama nyuma ya bafu la uani. Hapo maji ya kuogea na ya kufulia yalikuwa yanatokea tangu enzi za shangazi, na hapo shangazi alikuwa amepanda migomba. Migomba haioti juu ya mwamba mkavu, akasema, na kwa hakika palikuwa na mfuko wa udongo mweusi, kina cha zaidi ya mita moja, wenye unyevu mwaka mzima bila kumgharimu mtu.

Tulipiga rodi mbili katika migomba ile, zikiwa zimeachana zaidi ya mara mbili ya urefu wa rodi moja, kwa sababu zikikaribiana hunyang'anyana udongo uleule na ya pili huwa kama haipo. Kisha, kwa mtaimbo na sururu na siku mbili za vibarua, tulichimba mtaro wa mita ishirini kutoka pale hadi kwenye nyumba, kina kama cha goti, tukalaza waya wa shaba usiovalishwa wa milimita za mraba 25 na kuufunika kwa udongo wa mfinyanzi tulioununua kwa gari. Ulikuwa mzigo mkubwa wa fedha kuliko chenjiova yenyewe. Shangazi, aliyekuwa akitazama akiwa kwenye ukili wake, aliuliza kama tunazika mtu au tunatafuta rupia. Kipimo kikatoka omu 48.

Jambo jingine ambalo sikulitegemea ni udhaifu wa jenereta wakati wa ajali. Transfoma ya mtaa ina nguvu nyingi nyuma yake, hivyo laivu na nyutro zikigusana mkondo hupaa hadi mamia ya ampea na breka huruka papo hapo. Jenereta ya kVA 5 hutoa ampea 22 hivi kwa kawaida, na hata ikikabwa haiwezi kutoa nyingi zaidi ya hizo kwa muda mrefu. Breka ya ampea 20 ya aina ya C huhitaji kati ya mara tano na mara kumi ya kiwango chake, yaani ampea 100 hadi 200, ndipo ikate kwa kasi. Jenereta itanguruma, taa zitafifia, na breka itangoja. Ndiyo sababu mzee aliweka RCD kwenye upande wa jenereta, ikate laivu inapogusa ethi, na kwenye bodi ndogo ya kugawia umeme akatumia breka za aina ya B, zinazohitaji mara tatu hadi tano tu.

Bodi hiyo ndogo inalisha taa, friji, pampu na soketi chache, na viyoyozi vimeachwa nje yake, kwa hiyo mgeni akilalamika usiku namletea feni. Umeme unaingia nyumbani kupitia tundu la buluu la viwandani la ampea 32 lililofungwa ukutani nje, ambalo pini zake ziko upande wa nyumba, upande usio na umeme mpaka uunganishwe, na matundu yako kwenye waya utokao kwenye jenereta. Mama alipokuja kututembelea aliutazama mpango huo, akachomoa na kuchomeka mara mbili, akasema hili halina meno. Waya wenyewe ni wa mpira, nyuzi tatu za milimita sita, na jenereta iko nyuma ya ukuta wa uani, mbali na madirisha, kwa ajili ya ule moshi usionusika unaoua watu waliolala.

Watu huniuliza kwa nini sikuweka swichi ya kujiendesha yenyewe. Zipo nzuri. Nyingi nilizoziona kwenye maduka yetu ni kontakta mbili, yaani swichi zinazovutwa kwa sumaku ya umeme, ndani ya sanduku, zinazozuiana kwa nyaya tu pasipo kizuizi cha chuma, na nina mashaka na kifaa ambacho ncha zake zikigandana kwa joto kitarudi kuwa waya wangu wa 2010, ila mara hii umefichwa ndani ya sanduku zuri. Basi nageuza kwa mkono. Umeme ukikatika naweka sifuri, nawasha jenereta, naiacha ichangamke dakika mbili tatu, kisha namba mbili. Ukirudi nangoja kidogo, kwa sababu aghalabu hurudi na kukatika tena, kisha sifuri, kisha moja, na jenereta inabaki ikipumua bila mzigo kabla ya kuzimwa.

Mzee huja mara moja kwa mwaka, na hataki kuja wakati wa masika, kwa sababu hapo kila rodi ni nzuri. Huja mwisho wa kaskazi, migomba ikiwa imekunja majani. Hufungua kifuniko cha chemba ya rodi, hukwangua klampu iliyoota kijani kwa chumvi ya bahari, hupima ethi, kisha huwasha jenereta na kuvujisha miliampea 30 kwenye kila soketi. Mwaka huu ethi ilisoma omu 61, na RCD ilikata kwa milisekunde 24 tukiwa kwenye umeme wa shirika na kwa 25 tukiwa kwenye jenereta. Nimeziandika kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa sanduku la chenjiova, chini ya namba za miaka iliyopita, na pameanza kukosa nafasi.